Brashi Si Unayo?

Ndani ya sikio la ng'ombe mna nywele laini lakini zenye nguvu. Ukizipinda zinarudi zenyewe. Huko Ulaya kuna watu wazima, wenye familia zao, ambao kazi yao ni kuzikata nywele hizo, kuzichambua, kuzibana kwenye kibati, kuzitia mpini na kuziuza kuwa brashi za kuandikia mabango. Brashi bapa ya sikio la ng'ombe inabeba rangi nyingi kwa mkupuo mmoja. Ukianza nayo mguu wa herufi B ya BUCHA, unafika chini bila kurudi koponi.

Mimi naandika mabango, na naishi Vingunguti. Asiyeijua Vingunguti nimweleze: ukitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere, ambayo sisi wa umri huu bado tunaiita Pugu Road, ukishapita Tazara kaa tayari, ukinusa kitu, umefika. Hapa ndipo yalipo machinjio. Ng'ombe wanaletwa kutoka mnada wa Pugu, kila mmoja na masikio yake mawili. Halafu mimi, mwenye shida na nywele hizo, napanda daladala kwenda Kariakoo kununua brashi ya nailoni kutoka China, ambayo siku ya kwanza tu inaanza kunyonyoka na kuacha nywele ndani ya herufi. Mteja anaziona, anauliza kama hizo ndizo nakshi.

Masikio yenyewe nimeyafuatilia. Yanaondoka na kichwa, kichwa kinakwenda kwa watu wa supu, na kitu cha kwanza wanachofanya watu wa supu ni kukiunguza motoni mpaka manyoya yote yaishe. Asubuhi harufu ile ikitanda mtaani, wenzangu wanameza mate. Mimi nasikia brashi zinaungua.

Na sikio ni mwanzo tu. Kila nikisoma habari za wachoraji wa zamani nazidi kupandwa na hasira. Ile nyeusi ya Rembrandt, ambayo aliwapakia matajiri wa Uholanzi kwenye makoti yao, ni mifupa iliyochomwa ndani ya chombo kilichozibwa hewa isiingie, kisha ikasagwa. Hapa mifupa inasagwa pia, lakini wanakula kuku. Gundi ya kutandika kwenye kitambaa kabla ya kupaka rangi ilichemshwa kutoka kwenye ngozi za wanyama. Nyongo ya ng'ombe nayo ina kazi: tone lake kwenye rangi ya maji linaifanya rangi itambae vizuri juu ya karatasi badala ya kujikusanya, na Waturuki huitia kwenye rangi wanazozinyunyizia juu ya maji, wakalaza karatasi, ikatoka na michirizi ya marumaru. Ngozi ya mbuzi ilikwanguliwa ikawa ya kuandikia vitabu, na mnada wa mbuzi tunao. Kwa kifupi, duka kubwa la vifaa vya sanaa kuliko yote Afrika Mashariki liko nyuma ya nyumba niliyopanga, na wenye nalo wanadhani ni machinjio.

Kitu pekee ambacho hatuna ni kibofu cha nguruwe. Kabla ya mwaka 1841, Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, alipoisajili tyubu ya bati ya kutilia rangi, wachoraji wa Ulaya walibeba rangi zao za mafuta ndani ya vibofu vya nguruwe. Wanatoboa, wanaminya, wanaziba tundu kwa kipini. Mtaa wetu una misikiti kila ukigeuka, kwa hiyo suala hilo nimeliacha lilivyo. Wala kitimoto najua wanakokwenda jioni, ila sijamsikia hata mmoja akiomba afungiwe kibofu cha kubeba nyumbani.

Basi, nikasema kwa nini niteseke. Nikaenda machinjio. Nikamkuta kijana mmoja nje, mwenye mabuti na koti lililokuwa jeupe zamani, tena ananifahamu kwa sura.

"Vipi, broo," akanipokea.

Nikamwambia nataka nywele za masikio ya ng'ombe.

Akaangalia kushoto na kulia. "Ng'ombe wa rangi gani?"

"Yoyote. Muhimu ziwe ndefu."

"Na nini kingine?"

"Nyongo kidogo, kwenye chupa. Na mifupa, nataka kwenda kuichoma."

Kijana akaufuta mkono wake kwenye koti, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee," akasema.

Kuanzia siku hiyo sijaitwa tena broo na mtu yeyote wa machinjio. Nilijaribu kueleza habari za Waturuki, nikaona ninavyozidi kueleza ndivyo wanavyozidi kurudi nyuma. Nywele sikupata, waliniambia mambo hayo wao hawayataki mikononi mwao. Jioni yake, baada ya magharibi, akaja mama mmoja kajitanda khanga mpaka usoni, akauliza kama mimi ndiye yule mzee wa masikio. Nikamwambia, mama, mimi naandika mabango. Akasema hata kwa hayohayo mabango ni sawa, mradi mume arudi. Akatoa pesa kwenye fundo la khanga, akaziweka juu ya meza bila kuuliza bei.

Pesa nilimrudishia. Lakini sikulala. Niliwaza: mwanamke huyu hajaona kazi yangu hata moja na analipa taslimu, tena kabla. Wateja wangu, ambao wameona kuta nilizoandika kuanzia Mtakuja mpaka Kiwalani, nikiwatajia gharama wanacheka. Nawapigia hesabu: rangi ya mafuta kopo hili na lile, thina, msasa, gundi ya karatasi ya kuzibia kingo, brashi. Wakifika hapo kwenye brashi wananikata kauli. "Aa, mzee, brashi si unayo?"

Ninayo. Na wewe mwenye bucha kisu unacho, mbona nyama huigawi bure? Brashi inakula ukuta na ukuta unakula brashi. Kuta zetu hizi za tofali za saruji zisizopigwa lipu vizuri zinaisaga brashi ya nailoni ikabaki kisiki. Kinyozi hawezi kuambiwa mashine si unayo. Dereva wa bodaboda haambiwi pikipiki si unayo. Ila mchoraji anaaminika kuwa alizaliwa na vifaa vyake, vikatoka pamoja na kitovu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vifaa hivyo, wanavyosema ninavyo, havikai kwangu. Karibu kila kitu ninachotumia kilitengenezwa kwa kazi ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine anajua. Thina ni ya fundi makochi. Anatuma mtoto na kikombe. Msasa ni wa seremala. Ngazi ni ya mtaa mzima, tena huwa naikuta inaniuliza nimekuja kuchukua nini. Brashi yangu ya inchi moja, mpya, niliyoificha nyuma ya kabati, niliikuta jikoni inapaka mafuta chapati. Mama watoto akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameiosha vizuri. Aliiosha kabla. Mimi nilikuwa nahofia baada.

Na jirani yangu wa upande wa bondeni alikuja kuazima brashi na rangi nyekundu, ana jambo dogo. Jambo lenyewe lilikuwa kuandika NYUMBA HII HAIUZWI kwenye ukuta wa mbele, maana kuna ndugu zake wanamzunguka. Aliona nitamtoza, akaandika mwenyewe. Herufi ya I ilimtoroka, na mwisho nafasi ikamwishia, kwa hiyo ukutani pamesomeka NYUMBA HII HAUZ, halafu WI iko chini peke yake karibu na mfereji. Kila anayepita anajua mtaa huu mwandishi wa mabango ni mmoja. Wateja wameanza kunitajia tahajia.

Rangi nyekundu, kwanza, ni mtihani peke yake. Jiji hili limeona alama za X za bomoabomoa za kutosha. Nikitoka asubuhi na kopo jekundu, watu wanatoka nje kuangalia naelekea ukuta gani. Kuna baba mmoja hushika mlango wake kwa mikono miwili mpaka nipite.

Nikilalamika kuhusu vifaa, wajuaji wananitolea mfano wa Tingatinga. Haya, tumzungumze Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora kule upande wa Msasani mwaka 1968, na hakwenda kwenye duka la sanaa. Alichukua hadibodi, zile za kubandika darini, na rangi za kung'aa za baiskeli. Hadibodi ya futi nne kwa nane ukiikata futi mbili kwa mbili inatoa vipande 8, hakuna kinachobaki cha kutupa. Hapo huoni msanii tu, unaona na mtu aliyewahi kuishi kwa mshahara mdogo. Rangi ya baiskeli ilitengenezwa kuvumilia mvua na matope, kwa hiyo simba wake wakawa wanang'aa. Alipata miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Jamaa zake na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaandikishwa, pale Oysterbay kwenye eneo la Morogoro Stores. Siku hizi wengi wanachora kwenye kitambaa, kwa sababu mtalii hawezi kukunja hadibodi akaitia begini.

Mimi heshima yangu kwa marehemu haina mpaka. Lakini mtu anaponiambia "Tingatinga alitumia rangi ya baiskeli, wewe unataka nini?" ninamjibu kwamba Tingatinga alikuwa akichora upande wenye upepo wa bahari. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Ukipaka asubuhi, mpaka kesho yake bado inanata. Sasa nipake mimi hapa, mita chache kutoka machinjio, nione. Inzi wa Vingunguti hawana haraka; wanazunguka, wanachagua rangi wanayoipenda, wanatua, na hawaondoki tena. Wanapenda njano. Nilichora soda ya chungwa kwenye kibanda cha mama lishe, kufika jioni ina zabibu.

Kuna kisa cha Giotto, mchoraji wa Italia, kilichosimuliwa na Vasari: kwamba alipokuwa mwanafunzi alichora inzi kwenye pua ya picha ya mwalimu wake Cimabue, kwa ufundi hata mwalimu akawa anamfukuza kwa mkono. Wazungu wanakisimulia wakishangaa. Mimi wateja wangu wanaona inzi halisi, waliokufa, na wananiambia, mzee, hawa inzi umewapatia sana, ila watoe.

Mpwa wangu anasema mateso yote haya nimeyataka mwenyewe. Yeye anachora kidijitali. Alikuja kukaa kwangu kwa muda mfupi, maneno yake, akiwa na kompyuta mpakato iliyovunjika bawaba na kitu cheusi bapa anachokiita tableti. Juu yake anapitisha kalamu isiyo na wino, isiyo na waya wala betri. Nikamuuliza inaishi kwa nini. Akanieleza, na hapa nakiri kijana anajua kazi yake, kwamba ubao wenyewe unatoa sumaku ya umeme inayoipa kalamu nguvu na kutambua ilipo. Kwamba kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyozoesha dunia kalamu za aina hiyo. Ubao wake si Wacom. Ni wa China, nchi moja na brashi yangu.

Programu anayotumia inaitwa Krita. Ni ya bure, na mnyama wa nembo yake ni kindi. Hilo lilinichekesha, kwa sababu nywele za mkia wa kindi ndizo zinazotengeneza zile brashi laini za rangi ya maji, tena nyingi zinauzwa kwa jina la nywele za ngamia wakati ngamia hahusiki kabisa. Kindi ameona bora ahamie kwenye kompyuta, atulie.

"Mjomba," ananiambia, "humu nina brashi mia na kitu."

Usiku mmoja namkuta macho mekundu, anahangaika mtandaoni. Anatafuta nini? Anatafuta brashi ya kununua. Inaitwa brashi kavu chafu, yenye kuacha mikwaruzo na nywele kama imekaa na rangi ya zamani bila kuoshwa. Kuna mtu Marekani anaiuza kwa dola. Nikaenda uani, nikamletea yangu, nikaiweka mezani. Hakucheka.

Kitu ninachomwonea wivu ni kimoja, kile cha kufuta. Akikosea anabonyeza vitufe viwili na kosa halijawahi kutokea. Mimi kufuta kwangu ni kitambaa, thina na matusi, na bado ukuta unabaki na kivuli. Kuna duka Buguruni hadi leo ukilitazama jua likiwa upande, chini ya jina la mwenye duka unasoma la mwenye duka wa zamani, waliyegombana naye.

Lakini subiri umeme ukatike. Umeme ukikatika, mchoraji wa kidijitali anabaki kuwa mtu aliyekaa tu. Na kuhusu gharama, anajisifu kwamba hanunui rangi, wakati luku ya nyumba hii tangu aje inakwisha kabla ya mwezi kufika katikati. Na ule ugonjwa wa kuazimwa haujamwacha. Watoto wanataka kompyuta waangalie katuni. Jirani yuleyule wa HAUZWI ameleta flashi atiwe nyimbo za harusi. Msichana wa duka la pili anataka picha yake ya pasipoti iwekwe nyuma bluu, ang'arishwe uso, apunguzwe kidevu. Mpwa wangu akitaja hela kidogo ya jasho lake, wanamshangaa. "Kompyuta si unayo?"

Siku aliyosikia maneno hayo kwa mara ya kwanza alikuja kukaa karibu yangu kibarazani, hatukusemeshana, na nadhani ndiyo siku tuliyokuwa ndugu kweli.

Sasa, mwenye bucha wa hapo barabarani. Huyu aliponiambia kwamba brashi si ninayo, nikakataa kazi, akampa mpwa wangu amtengenezee bango la kuprinti. Kijana akamchorea ng'ombe mnene, anatabasamu (kwa nini ng'ombe atabasamu juu ya bucha, hilo sijui), na pembeni paja la nyama nyekundu inayowaka. Kwenye skrini ilikuwa nzuri, sikatai. Bango liliporudi kutoka kiwandani nyama ilikuwa na rangi ya maini. Ugomvi. Kijana akaeleza kwamba skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, na mashine inatumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, kwa hiyo kuna rangi zinazowaka kwenye skrini ambazo wino hauwezi kuzifikia. Mwenye bucha akasema yeye hauzi samawati, anauza nyama.

Likatundikwa hivyohivyo. Jua la Dar es Salaam likaanza kazi yake. Wino wa majenta na wa njano hauvumilii jua. Hutangulia kuondoka, samawati na mweusi vikabaki. Msimu wa mvua ulipofika, mwenye bucha alikuwa anauza chini ya ng'ombe wa bluu anayetabasamu, pembeni ya paja la bluu. Watu wakaanza kusema nyama ya pale imelala. Wengine wakavuka barabara kwenda kwa mwenzake.

Akaja kwangu. Aliingia jioni, baada ya magharibi, na nikashangaa kwa sababu duka linakuwa bado wazi saa hizo. Nikajiandaa kwa mabishano. Nikampigia hesabu: ukuta wote wa mbele, rangi ya mafuta mikono miwili, thina, msasa, na brashi mpya mbili. Nikaitamka brashi taratibu, nikamkazia macho.

"Sawa, mzee," akasema.

Nikarudia bei, pengine hakusikia.

"Sawa. Shikamoo, hata nimesahau kukuamkia." Akahesabu noti zote, akaziweka juu ya meza, mkono juu ya mkono. Mtu mzima, tuliozaliwa mwaka mmoja. Halafu akasogeza kiti, akaangalia mlango.

"Ukiwa unachora huyo ng'ombe," akanong'ona, "na kile kingine, mzee wangu. Vijana wa machinjio wameniambia. Ya kuvuta wateja. Weka kidogo, hata kwenye kona."

Nikanyamaza kwa muda, kama nafikiria.

"Kile kingine," nikamwambia, "ni elfu ishirini zaidi."

Akatoa.